Tawi Nililokosea

Alikaa dirishani, blanketi magotini,
mkongojo mkononi kama kiongozi wa kwaya,
na mimi chini, theluji ya Februari ikiingia viatuni,
nimeshika mkasi wake wa kupogolea.
Miaka hamsini ameukata mti huu wa aprikoti mwenyewe.
Mwaka huu nyonga imemkatalia.

Pigo moja kiooni: kulia.
Mapigo mawili: shuka.
Mapigo matatu...
matatu hatukuwa tumeyapatana,
na kioo kilikuwa kimeshika ukungu wa pumzi zake.
Nikakata.

Lilianguka bila kelele. Nilipoliinua nikaona
vifundo vinene, viwili viwili, vimebanana:
matumba, si majani.
Tawi la kuzaa.
Nimechuma Julai nzima, mbichi, kwa mkasi.
Nilipotazama juu, pazia lilikuwa limeshushwa.

Majuto ni mjukuu, husemwa,
lakini yangu hayakungoja ukoo:
yalizaliwa palepale, yakalia.

Sikuweza kulitupa kwenye kuni.
Nikaliingiza ndani kwa mlango wa nyuma,
nikaponda mwisho wake kwa nyundo ya nyama,
nikalisimamisha katika ndoo ya bati
tuliyokuwa tukigandishia jibini enzi za ng'ombe.
Maji vuguvugu. Mbali kidogo na jiko.

"Unalidanganya," akasema baba mkwe,
neno lake la kwanza tangu asubuhi.
"Mti una akili, Arpenik. Hungoja."
"Baba Garegin," nikasema,
"hili halina tena cha kungoja."

Siku ya nne, kimya.
Siku ya saba nikabadili maji; yalinuka bwawa.
Nje, barafu ilining'inia ukingoni mwa paa,
mchana ikidondoka, usiku ikijirudi,
na Ararati ng'ambo ya bonde hauonekani,
umejifunika gubigubi kama mgonjwa.
Jirani Varsenik akaja kuazima chumvi.
Akalitazama tawi, akanitazama mimi,
akaondoka na chumvi na habari.

Siku ya kumi na moja
tumba moja likapasuka kidogo, jekundu,
kama mtoto anayekutolea ulimi mlangoni.

Usiku ule nilimsikia. Si kikohozi.
Mkongojo, hatua. Mkongojo, hatua.
Nikachungulia: amesimama mbele ya ndoo,
miwani yake imefungwa kwa uzi,
taa ameinua, midomo inahesabu.

Asubuhi akatangaza, mkate ukiwa shavuni:
"Kumi na tisa.
Umenikosesha aprikoti kumi na tisa."
Lakini kiti chake kilikuwa kimehama.
Dirisha, na bustani yote, na theluji yake,
alivipa kisogo.

Yakafunguka kwa siku tatu, meupe
yenye haya kidogo ya waridi karibu na kikonyo,
na chumba kikanuka asali na moshi.
Nimewaza sana lilivyochanua
bila mzizi, bila hata gramu ya udongo.
Lilikula jua la mwaka jana,
lile tulilolilalamikia, tukajifunika vitambaa vichwani,
nalo likaingia taratibu ndani ya mti, likakaa.
Akiba haiozi, sawa.
Hawakuniambia kwamba inaweza pia
kuvunjwa yote siku moja,
ikavaliwa,
na basi.

Machi ikaingia kwa matope.
Petali zikaanza kuachia, moja moja,
juu ya kitambaa cha meza, juu ya dawa zake.
Nikapata ujasiri, nikamuuliza:
"Yale mapigo matatu yalikuwa na maana gani?"
"Acha," akasema.

Mpaka leo sijui
kama hilo ndilo lilikuwa jibu
au alinikataza kuuliza.
Petali ilikuwa imetua ndani ya chai yake.
Aliipuliza ikasogea ukingoni,
akanywa upande wa pili.